Jumamosi ni ya kwanza baada ya nini? Asili ya neno "mosi" katika hesabu ya siku na miezi yetu



Mwulize mtoto wa shule ya msingi siku ya kwanza ya wiki ni ipi, naye atajibu bila ya kusita kuwa ni Jumatatu. Mwulize tena, ikiwa ndiyo ya kwanza, mbona imeitwa "tatu"? Hapo atanyamaza, na mara nyingi wazazi wake waliokaa pembeni watanyamaza pamoja naye. Nambari imo ndani ya jina, wazi kama jua la mchana, lakini kwa kuwa tunalitamka kila siku hatulisikii tena.

Makala yetu ya leo inalihusu neno dogo la kupangia hesabu, nalo ni mosi. Limebaki katika Jumamosi, katika Mfunguo mosi, katika tarehe mosi na katika sikukuu ya wafanyakazi, Mei Mosi. Tutaeleza limetoka wapi na limebeba nini. Tutaeleza pia jinsi hesabu iliyojengwa juu yake inavyoweza, hadi leo, kuamua ni siku gani mjane atoke eda na ni siku gani mtoto achinjiwe akika.

Kiswahili hakikujitengenezea maneno mengi ya kupanga vitu kwa zamu. Tukitaka kueleza nafasi ya kitu katika safu yake, tunaichukua nambari yenyewe na kuiunganisha: mtoto wa tatu, rakaa ya nne, safu ya tano. Maneno mawili tu ndiyo yaliyojitenga na utaratibu huo. Moja ni kwanza, ambalo kwa hakika si nambari hata kidogo. Hilo ni kitenzi kuanza kilichobanwa katika matamshi, kwa hiyo mtoto wa kwanza ni mtoto wa kuanza. Jingine ni pili, ambalo ni ndugu wa damu wa mbili na wawili. Herufi zimebadilika, ukoo ni ule ule.

Kabla ya kwanza kushika nafasi hiyo karibu kila mahali, lilikuwapo mosi. Hili ni neno la kale la Kibantu lenye maana ya moja. Huko magharibi ya Kongo, mbali sana nasi, Wakongo wakihesabu huanza kwa mosi, nao wakifika kwenye tatu husema tatu kama sisi. Hatukulichukua kwao wala wao hawakulichukua kwetu. Sote tumelirithi kutoka kwa wazee walewale waliotawanyika zamani. Katika mazungumzo ya kawaida Kiswahili kimeliacha na kushika moja, ila wahutubu na waandishi wangali wakilitumia wanapopanga hoja zao: mosi, pili, tatu. Na kalenda, kama ilivyo desturi ya kalenda popote, imelihifadhi kwa sababu watu hawabadilishi majina ya siku kwa urahisi.

Si nambari zetu zote zenye asili hiyo. Sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, nazo zilichukua mahali pa maneno ya kale ambayo ndugu zetu Wagiriama bado wanayo: handahu kwa sita, fungahe kwa saba, chenda kwa tisa. Sisi tumebakiwa na kenda kwa uchache, na tumebakiwa na fungate, zile siku saba za maarusi kukaa ndani, ambazo wengi hawajui kuwa jina lake ni nambari ya saba. Msomaji atazame basi majina ya siku: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nambari zote tano ni za Kibantu tupu. Hesabu imesimama mlangoni pa sita.

Sasa tulitazame lile neno la mbele, Juma. Asili yake ni Kiarabu, kutokana na mzizi wenye maana ya kukusanya, na ndilo jina la siku ya mkusanyiko. Kabla ya Uislamu Waarabu waliiita siku hiyo Aruba. Sura ya 62 ya Qur'ani Tukufu imepewa jina la siku hii, na katika aya yake ya 9 waumini wameamrishwa waendee kumtaja Mwenyezi Mungu na kuacha biashara inaponadiwa swala. Wazee wetu wa pwani walilipokea neno hilo na kulipa kazi mbili. Ijumaa ikawa siku yenyewe, na juma likawa muda wote wa siku saba. Ndiyo maana tunasema juma lililopita na juma lijalo. Siku moja ikawa jina la zote saba.

Kwa hiyo Jumamosi ni siku ya mosi baada ya Ijumaa, Jumapili ni ya pili, na Jumatatu ambayo mtoto wetu aliiita ya kwanza ni ya tatu, kama inavyojieleza yenyewe. Mpango huu unalingana na hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Huraira (R.A.), ambayo imo katika Bukhari na Muslim, inayoeleza kuwa Ijumaa ni yetu sisi, kesho yake ni ya Mayahudi na keshokutwa ni ya Manasara. Leo, kesho, keshokutwa: hesabu inaanzia kwenye Ijumaa na kusonga mbele. Hatusemi kuwa waliotunga majina haya waliyatoa moja kwa moja katika hadithi hiyo, kwani hakuna aliyeandika. Tunasema tu kwamba aliyeswali Ijumaa kisha akahesabu kuanzia hapo hakufanya jambo geni.

Utaona upekee wa hesabu hii ukiilinganisha na ya Waislamu wengine. Wasomali wanasema Sabti, Axad, Isniin, na kuendelea hivyo hadi Jimce. Wameyachukua majina ya Kiarabu yote. Wahausa wa Nigeria na Niger wamefanya vivyo hivyo. Hata Wamalagasi wa Bukini, ambao wengi wao si Waislamu, siku zao zote saba zina majina ya Kiarabu, kuanzia Alahady hadi Sabotsy. Waajemi wao wanahesabu, lakini wanaanzia Jumamosi wanayoiita shanbe, kwa hiyo siku yao ya moja ni Jumapili yetu. Wareno, walioikalia Mombasa hadi mwaka 1698, nao wanahesabu, na Jumatatu yetu kwao ni ya pili. Waswahili, pamoja na ndugu zao wa Ngazija wanaosema Djumwamosi, ndio walioifanya Ijumaa yenyewe kuwa kigingi cha kufungia kamba ya hesabu.

Jambo moja limewatatiza wengi, nalo ni Alhamisi. Neno hili kwa Kiarabu maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo katika juma letu ziko "tano" mbili zilizokaa pamoja: Jumatano, ya tano kwa Kibantu kuanzia Jumamosi, na Alhamisi, ya tano kwa Kiarabu kuanzia Jumapili. Mwanafunzi wa madrasa aliyekwisha kujifunza wahid, ithnaan, thalaatha atalitambua hilo mwenyewe akionyeshwa mara moja. Kwa nini hatukusema Jumasita? Tutalirudia swali hili baada ya kutazama miezi.

Hesabu hii haikubaki pwani. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika bonde la mto Mkondoa, huku Kilosa, na Stanley alipita humo mwaka 1871 alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone. Wapagazi na wafanyabiashara walibeba shanga na nguo, na pamoja nazo walibeba Kiswahili, swala tano na majina ya siku. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda waliokuwa wakiuza vyakula kwa misafara walikuwa na haja ya kujua msafara utaondoka lini, na jibu lilikuja kwa hesabu ya Juma. Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, ukapita Kilosa na hatimaye kufika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko yakaleta vibarua wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili.

Hapo hesabu ya aina nyingine ikaingia. Kibarua wa mkonge alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyofanya kazi ikatiwa alama. Mwezi wake haukuwa wa mwandamo wala wa kalenda ya Wazungu. Ulikuwa umekamilika pale alama ya 30 ilipopigwa, hata kama zilipita wiki sita. Mtu huyo alikuwa na miezi mitatu kichwani mwake kwa wakati mmoja: wa kufunga na kufungua, wa serikali, na wa kipande. Tunawastahi wazee hawa ambao bila ya darasa waliiendesha yote mitatu pasi na kuichanganya.

Majina ya siku yalisafiri hata mahali ambapo dini haikufika kwa wingi. Wakikuyu wa Kenya, ambao wengi wao ni Wakristo, wanasema Njumatatũ, Njumaine, na Njumamothi kwa Jumamosi. Jumapili wameipa jina lao wenyewe, Kiumia, lakini kesho yake wanaiita ya tatu. Ya tatu baada ya nini? Baada ya Ijumaa ya Waislamu, ingawa pengine si mmoja katika mia anayelikumbuka jambo hilo anapokwenda kazini.

Kutoka Kilosa mjini, barabara ya kusini inapita Ulaya (hii ni kata ya wilaya ya Kilosa, msomaji asidhani tumevuka bahari) na kufika Mikumi, kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Jina la Mikumi lenyewe huwachanganya watu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani lina uhusiano na kumi, kana kwamba kuna kitu kilichohesabiwa hapo kwa makumi. Lakini sarufi inakataa: wingi wa kumi ni makumi, na mikumi imekaa katika ngeli ya miti. Nayo ni miti kweli, ile mirefu ya jamii ya mnazi ambayo kwa Kiswahili cha pwani huitwa mivumo. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa hapo mwaka 1964 imelichukua jina hilohilo. Si kila neno lenye sauti ya nambari ni nambari, na si kila nambari inasikika kuwa nambari. Akika na eda zitatuonyesha hilo.

Tulipokuwa Mikumi tulikaribishwa katika nyumba moja iliyokuwa na msiba. Majina ya wenyewe tunayahifadhi. Mjane alikuwa ndani akikamilisha eda, na kabla ya msiba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha biashara ndogo ya chakula kando ya barabara kuu, mahali wanaposimama madereva wa malori. Watoto wanne walikuwa wakiitegemea. Mpwa wa marehemu, kijana msomi na mwenye heshima, alikuwa ameitia alama kalenda ya ukutani: miezi minne ya kalenda hiyo, kisha siku kumi. Bibi wa nyumba hiyo, mama mzaa marehemu, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, baba yako mdogo alifariki mwezi tano Mfunguo pili. Basi mkewe atatoka mwezi kumi na tano Mfunguo sita." Hakushika kalamu wala hakutazama ukuta.

Kijana alistaajabu, nasi pia tulistaajabu, kwa sababu jibu la bibi lilikuwa sahihi na lake lilikuwa limezidisha siku tano. Tueleze ilivyokuwa. Aya ya 234 ya Suratul Baqara imeweka eda ya mwanamke aliyefiwa na mumewe kuwa miezi minne na siku kumi, na miezi inayokusudiwa na sheria ni ya mwandamo. Aya ya 189 ya sura hiyohiyo inaeleza kuwa miandamo ni vipimo vya nyakati kwa ajili ya watu na Hija. Miezi minne ya mwandamo ni siku 118 hivi. Miezi minne ya kalenda ya ukutani ni kati ya siku 120 na 123. Aya inaendelea kusema kwamba wakifikia muda wao hapana lawama kwa wanayojifanyia kwa wema. Kwa hiyo siku tano za ziada si ibada ya ziada. Ni siku tano za mtu kuzuiliwa asiende kutafuta riziki ya watoto, na kumzuilia mtu haki aliyopewa na Mola wake si jambo dogo. Wenye elimu ya fiqhi watatukumbusha kuwa mwezi ulioanzwa katikati hukamilishwa kwa siku 30, hivyo yawezekana ikaongezeka siku moja, na kuwa mjane mwenye mimba eda yake humalizika kwa kujifungua. Hayo aulizwe shekhe wa mahali. Na neno eda lenyewe, kwa wasiojua, ni la Kiarabu lenye maana ya hesabu, nalo ni ndugu wa idadi.

Bibi aliwezaje kupata jibu haraka vile? Aliongeza nne juu ya mbili. Hilo ndilo jambo kubwa lililofichika katika majina yetu ya miezi. Mfunguo linatokana na kufungua, kumaliza saumu. Mwezi wa Shawwal ambao Waislamu hufungua baada ya Ramadhani ni Mfunguo mosi. Dhul-Qaada ni Mfunguo pili. Dhul-Hijja, mwezi wa Hija, ni Mfunguo tatu, kwa hiyo Arafa ni mwezi tisa Mfunguo tatu na Idi ya kuchinja ni kesho yake. Muharram ni Mfunguo nne, Safar ni Mfunguo tano, Rabiul-Awwal ambamo kunasomwa Maulidi ni Mfunguo sita, na hivyo hivyo hadi Jumadal-Akhir ambao ni Mfunguo tisa. Anayeyajua majina ya Kiarabu peke yake ni lazima akumbuke kwa moyo kuwa miezi minne baada ya Dhul-Qaada ni Rabiul-Awwal. Anayejua mifunguo anajumlisha tu, kama anavyojumlisha mayai.

Tunasikitika kuona kwamba chombo hiki kinapotea. Katika nyumba nyingi za mjini ukitaja Mfunguo nane watu watakutazama. Vijana wetu waliosoma vizuri wanayajua majina ya Kiarabu, na hilo ni jema, kwani ndiyo yaliyomo katika vitabu. Lakini wengine huyaona majina ya mifunguo kuwa ni ya kizamani, au hata kuyatilia shaka. Hatuoni sababu ya shaka hiyo. Mwezi ni ule ule, mwandamo ni ule ule, saumu sita za Shawwal zinafungwa mwezi ule ule. Kilichobadilika ni kwamba jina limepewa nambari, na nambari imeanza kuhesabiwa pale ambapo ibada kubwa ya mwaka inamalizika.

Yupo atakayeuliza: je, mwaka wa Kiislamu hauanzi Muharram? Ndiyo, kalenda ya Hijria iliyowekwa wakati wa Khalifa Umar (R.A.), mnamo mwaka 17 Hijria, inaanza Muharram, nao ndio mwezi wa kwanza. Mifunguo haikuja kushindana nayo. Ni kama mkulima wa bonde la Mkondoa anayesema "mwezi wa pili tangu mvua". Hakatai kuwa kuna Januari, anahesabu kutoka kwenye jambo linalomhusu. Siku ya Ashura inaonyesha jinsi hesabu mbili zinavyoweza kukaa mahali pamoja: jina lake linatokana na kumi kwa Kiarabu, kwa kuwa ni siku ya kumi ya Muharram, na kwetu sisi ni mwezi kumi Mfunguo nne.

Sasa turudi kwenye lile swali la Jumasita. Ukiitazama miezi utaona kuwa hakuna Mfunguo kumi. Baada ya tisa, hesabu inanyamaza na majina ya Kiarabu yanarudi: Rajabu, Shaabani ambao wazee waliuita pia mwezi wa mlisho, na Ramadhani yenyewe. Juma nalo linahesabiwa mosi hadi tano, kisha yanakuja majina mawili ya Kiarabu, Alhamisi na Ijumaa. Miundo hii miwili inafanana mno kuwa ya kubahatisha. Sisi tunaona kwamba wazee walihesabu walipokuwa wakienda mbali na kilele cha ibada, na walipoanza kukikaribia tena waliacha nambari na kuita kila kituo kwa jina lake. Alhamisi ni kizingiti cha Ijumaa, kwani jua lake likizama Ijumaa imeingia. Rajabu na Shaabani ni vizingiti vya Ramadhani. Msomaji mwenye maelezo bora zaidi atakuwa ametusaidia.

Bibi yule wa Mikumi angetuuliza basi: mume akifariki Mfunguo sita, mke atatoka lini? Sita na nne ni kumi, na Mfunguo kumi haupo. Kwa hiyo ni Rajabu, na siku kumi juu yake. Mume akifariki Mfunguo nane, ni Ramadhani.

Juma nalo lina hesabu yake ya nyumbani. Imepokewa kuwa mtoto huchinjiwa siku ya saba, akanyolewa na kupewa jina. Lakini saba kutoka wapi? Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake husomwa sana huku kwetu, amelipa nguvu kauli ya kuwa siku ya kuzaliwa nayo huhesabiwa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mchana wa Jumamosi siku yake ya saba ni Ijumaa, na wa Jumatatu siku yake ni Jumapili: daima ni siku inayotangulia ile aliyozaliwa. Tumeona familia zikialika watu Jumamosi kwa mtoto wa Jumamosi zikidhani ndiyo saba, kumbe ni nane. Aliyezaliwa usiku huanza kuhesabiwa kwa mchana unaofuata usiku huo. Kanuni hiyohiyo ndiyo wanayoitumia wanaohesabu arobaini ya maiti (hapa hatuingii katika mjadala wa kisomo chenyewe, una mahali pake): siku ya kwanza ikiwa Jumamosi, ya 40 ni Jumatano. Ongeza nne juu ya mosi.

Limebaki jambo la mwisho, ambalo ndilo linalokosesha watu zaidi, nalo ni wapi siku yenyewe inaanzia. Simama katika kituo cha reli cha Kilosa, ambako sasa inapita pia treni ya reli ya kisasa iliyoanza safari zake hadi Dodoma mwaka 2024, nawe utakutana na mianzo mitatu. Tikiti ya treni inabadilisha tarehe saa sita ya usiku. Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu asubuhi, na saa moja ni pale saa ya mosi ya mchana inapotimia. Msikiti ulio jirani unaibadilisha siku jua linapozama. Abiria aliyeambiwa "Ijumaa saa saba usiku" na karani wa tikiti anatakiwa afike stesheni usiku wa kuamkia Ijumaa, na wapo wanaofika usiku wa kesho yake wakiwa na mizigo yao.

Kukosa treni kuna dawa, mtu atapanda nyingine. Katika ibada tofauti hiyo ina uzito wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi magharibi, siyo ule unaofuata swala ya Ijumaa; huo wa pili tayari ni wa Jumamosi. Na katika kumi la mwisho la Ramadhani, tulipoamrishwa kuutafuta Usiku wa Cheo katika siku za witiri, usiku wa 21 unaingia jua linapozama siku ya 20, na usiku wa 27 unaingia siku ya 26 magharibi, wakati watu wanafuturu. Anayengoja hadi kesho yake jioni kwa kuwa kalenda imeandika 27, atakuwa anasimama katika usiku wa 28.